Kulijua Pato la Mpangaji

Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam, wakiulizwa wanajuaje kwamba mtu wanayempokea anao uwezo wa kulipa, hujibu kwa haraka kuwa swali hilo limekwisha kujibiwa na fedha zenyewe. Kwani mtu aliyeleta kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, akaihesabu mbele ya dalali na shahidi, ana haja gani ya kuulizwa tena anafanya kazi gani na anapata kiasi gani? Jawabu hili lina sura ya hekima, na desturi ya mji imelipa nguvu kiasi cha wapangaji nao kulizoea. Lakini likipimwa kwa makini huonekana kuwa na nakisi kubwa. Fungu la fedha lililoletwa siku ya mkataba hushuhudia jambo moja tu, nalo ni kwamba siku ile fedha zilikuwapo. Halisemi zilitoka wapi, wala halisemi kama zitapatikana tena.

Aliyeishi mjini humu ajua jinsi kodi ya miezi sita inavyokusanywa. Huyu amepokea zamu yake ya upatu; yule amekopa katika kikoba cha mtaani kwa dhamana ya wenziwe; wa tatu ni mtumishi aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine, naye anaitumia posho yake ya uhamisho; wa nne ameuza kiwanja cha urithi huko kwao; wa tano amechangiwa na shemeji na mjomba baada ya kutolewa katika nyumba aliyokuwamo. Fedha za wote watano ni halali, na pengine wote watano ni watu wema, lakini hapana hata mmoja kati yao ambaye fungu lile ni kipimo cha riziki yake ya kila mwezi. Mwezi wa saba ukiandama, swali lililoahirishwa hurudi, tena hurudi na uchungu, kwa kuwa sasa mna watu ndani, watoto wamekwisha kuandikishwa katika shule ya jirani, na mwenye nyumba naye amekwisha kuzitia zile fedha za kwanza katika mabati ya nyumba nyingine.

Nairobi na Mombasa desturi ni tofauti. Kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, siku hizi aghalabu kwa simu, na mpangaji hutanguliza amana ya mwezi mmoja au miwili ambayo wenyewe huiita dipoziti. Mwenye nyumba wa huko hufunuliwa hali ya mpangaji mapema zaidi; lakini akiwa hakuuliza lolote mwanzoni, amana ile humezwa na malimbikizo kabla shauri halijafika kwa mzee wa mtaa, seuze mahakamani. Basi kote kuwili haja ni moja: kulijua pato la mtu kabla ya kumkabidhi ufunguo, na kulijua kwa njia ya insafu isiyomvunjia heshima. Naliona jambo hili kuwa sehemu ya kwanza ya uadilifu wa mwenye nyumba, kwa sababu kumpangisha mtu nyumba asiyoiweza ni kumdhulumu yeye kabla ya kujidhulumu mwenyewe.

Wazee wetu hawakuomba karatasi, na haikuwa kwa ujinga. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, iliyojaa Kariakoo na Ilala, Ng'ambo ya Unguja na Majengo ya Mombasa, ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani kwenye jiko na choo cha wote. Na mwenye nyumba mara nyingi alikaa katika chumba kimojawapo. Alimwona mpangaji wake akitoka alfajiri kwenda bandarini, na alijua wiki ambayo meli hazikufunga gati; alijua anapika nini mwisho wa mwezi na anapika nini katikati yake; alijua nani hugonga mlango usiku kudai deni. Na kwa mgeni asiyejulikana palikuwa na mdhamini, mtu wa mtaa mwenye jina, ambaye alisema mbele ya mashahidi kwamba huyu akishindwa mimi nitalipa. Pwani hii imeijua sheria ya dhamana na ya kuandikiana kwa karne nyingi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani, yahusu deni la muda maalumu, kuliandika na kulishuhudisha, na waliofundishwa chuoni waliijua tangu utoto wao.

Hali hiyo imebadilika. Mwenye nyumba ya Tabata hukaa Kigamboni au Mbezi, na mwingine hukaa Maskati akiwa hajaiona nyumba yake tangu ilipopauliwa. Mahali pa macho yake pameingia dalali. Simsingizii dalali ubaya. Anafanya kazi yenye jasho, anazunguka juani na wateja ambao wengi wao hawachukui chumba. Lakini ujira wake, ambao kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja inayolipwa na mpangaji, hupatikana siku mkataba unapotiwa saini, na baada ya siku ile hana faida wala hasara katika malipo yanayofuata. Ushahidi wa mtu ambaye maslahi yake yamekwisha kabla ya yako kuanza hauwezi kuwa nguzo ya uamuzi wako. Kadhalika barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha NIDA, ambavyo ni lazima kuvidai, vyakwambia mtu huyu ni nani na alikuwa akikaa wapi. Habari ya pato lake havina.

Tuanze na mwenye mshahara, kwa kuwa habari yake imeandikwa. Huleta karatasi ya mshahara, ile ambayo maofisini huitwa salari slipu, na macho ya mwenye nyumba hukimbilia tarakimu kubwa iliyo juu, yaani mshahara ghafi. Yapasa yashuke. Kinacholipa kodi ya nyumba ni baki lililo chini baada ya makato yote, na baina ya juu na chini ndimo ilimo habari yenyewe.

Tuchukue mtumishi wa kampuni binafsi katika Tanzania Bara mwenye mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi. Mchango wake wa NSSF wa asilimia 10 ni shilingi 90,000, na zinazobaki, 810,000, ndizo hutozwa kodi ya mapato. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Zinazofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi 1,000,000 asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30. Kwa mtu wetu huyu kodi ni 20,000, na 48,000, na 12,500, jumla 80,500. Atapokea basi 729,500. Akiwa ni miongoni mwa waliosoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hukatwa tena asilimia 15 ya mshahara, yaani 135,000, na mkononi mwake huingia 594,500. Mwenye nyumba aliyesikia laki tisa, akapanga hesabu yake juu ya laki tisa, amekosea kwa zaidi ya laki tatu, na mpangaji hajamwambia uongo hata neno moja.

Hesabu hii ina faida ya pili. Anayeghushi karatasi ya mshahara, na siku hizi kompyuta imeufanya ughushi kuwa mwepesi mno, aghalabu huikuza tarakimu ya juu na ile ya chini, akayaacha makato kama yalivyokuwa au akayakisia. Kodi ya mapato haikisiwi. Hupanda kwa ngazi zilizotangazwa, na kalamu na kipande cha karatasi vyatosha kuonyesha kama ngazi zile zimefuatwa. Pakiwa na tofauti usikimbilie kumwita mtu mghushi, kwa kuwa yako marupurupu na michango ya vyama ambayo hubadili hesabu. Muulize kwa upole akueleze kila safu. Aliyekatwa kwa haki huyajua makato yake moja moja, tena kwa uchungu.

Liko jambo jingine katika safu ile ya makato ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko ughushi wote, nalo ni mikopo ya benki inayokatwa kazini. Kwa watumishi wa umma wa Tanzania kanuni inajulikana hadi mitaani: mtumishi asikatwe mpaka akabakiwa na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, imezuia makato yasizidi theluthi mbili za ujira. Kanuni hizi ziliwekwa kwa huruma, lakini kwa msomaji wa sura hii zina onyo ndani yake: zinakuambia kwamba mwalimu au muuguzi mwenye cheo na mshahara wa kuheshimika aweza, bila kuvunja sheria yoyote, kuwa anarudi nyumbani na theluthi tu. Na kwa kuwa mkopo mpya aweza kuuchukua hata baada ya kuhamia kwako, tazama karatasi za miezi mitatu mfululizo, ujue kama makato yanapungua au yanaongezeka.

Karatasi ya benki hukamilisha ile ya mshahara: mwajiri yule yule, kiasi kile kile, takriban siku zile zile. Barua ya mwajiri ikihitajika, itafute simu ya ofisi kwa njia yako mwenyewe, wala usiitumie namba iliyoandikwa kwenye barua, maana anayetunga barua hushindwa vipi kutunga namba? Na ukimpata mtu wa ofisi, uliza mambo mawili tu: kama fulani ni mtumishi wao, na kama ajira yake ni ya kudumu, ya mkataba, au bado yumo katika majaribio. La mshahara acha karatasi ilijibu.

Sasa nifike mahali ambapo hesabu za vitabu vya kigeni hazitusaidii. Sehemu kubwa ya wapangaji wetu hawana mshahara. Ni mama lishe, fundi cherehani, dereva wa bodaboda, mvuvi, wakala wa fedha za simu, mchuuzi wa mitumba, na riziki yao haikuandikwa mahali pamoja. Wako wenye nyumba ambao kwa sababu hiyo huwakataa wote, wakampokea karani mwenye karatasi safi na baki dogo, huku fundi wa magari wa Ilala mwenye pato mara tatu ya lile la karani akifukuzwa mlangoni. Hilo ni kosa la hesabu, na fauka ya hayo ni dhulma.

Lakini kumpokea bila ya kumchunguza ni kosa pia, na uchunguzi wake wataka maarifa ya kila kazi. Fedha inayopita mkononi mwa mtu na fedha iliyo yake ni vitu viwili. Dereva wa bodaboda asiyemiliki pikipiki hulaza hesabu kwa tajiri wake kila siku. Tuseme amepata shilingi 25,000, hesabu ni 8,000, petroli 7,000, zilizobaki 10,000 ndizo zake, na humo humo kuna chakula cha mchana na pancha. Ukimuuliza anapata kiasi gani kwa siku atakutajia 25,000, wala hakukusudia hadaa. Ndivyo kijiweni wanavyozungumza. Muulize analaza ngapi, na kama pikipiki ni ya mkataba, yaani ile ambayo baada ya muda itakuwa yake, muulize umebaki muda gani, kwa kuwa siku mkataba ule unapokwisha hali yake inageuka kabisa.

Wakala wa fedha za simu ndiye anayewapotosha wengi. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, taarifa ya miamala ya simu imekuwa daftari la mamilioni ya watu wasio na akaunti ya benki, na ni daftari zuri, kwa kuwa halikuandikwa na mwenyewe. Mwenye nyumba aweza kuiomba ya miezi sita. Ila taarifa ya wakala itaonyesha mamilioni yakiingia na kutoka, ilhali chake ni kamisheni, na floti aweza kuwa ameazimwa. Vivyo hivyo mweka hazina wa kikoba na kijumbe wa upatu: simu zao hubeba amana za watu thelathini, na asiyeuliza atadhani amempata tajiri. Katika taarifa ya namna hii tafuta kinachoingia bila kutoka mara moja.

Kisha kuna majira. Wavuvi wa dagaa wa pwani yetu na wa maziwa hutega kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'ara samaki hawakusanyiki kwenye taa, basi katika kila mwezi mna siku nzima nzima ambazo vyombo hulala ufukoni. Watumishi wa hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja hupata mshahara na bakhshishi nono kuanzia Juni. Ikifika masika, Aprili na Mei, wageni huadimika, hoteli nyingine hufunga milango, na wengi huambiwa warudi nyumbani hadi watakapoitwa. Mwenye nyumba wa Paje au Jambiani anayemhoji mtu wa hoteli mwezi wa Agosti amemkuta katika neema. Akitaka kuujua ukweli amuulize Mei iliyopita alikula nini. Kanuni ninayoishika mimi katika mapato ya majira ni kutoyatazama kwa wastani. Utazame mwezi ulio dhaifu kuliko yote, kisha uulize kama mtu huyu ana akiba, au shamba, au mke mwenye kazi, ya kumvusha mwezi ule. Akiwa nayo, ni mpangaji mwema kama mwenye mshahara.

Hapana karatasi inayoshinda kwenda mahali pa kazi. Nenda kwa mama lishe saa sita mchana, ukae, ule, ulipe; utaona sahani zinavyotoka, utasikia anavyozungumza na mwuza mchele, na kama mwuza mchele humkopesha bila ya kuandika umepata ushahidi wa amana yake ambao benki haina. Mwenye duka atakuonyesha daftari la mali kauli akiona hukuja kwa shari. Vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyotolewa Tanzania tangu Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 kimoja, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka, vilithibitisha kuwa mtu anayo biashara. Kiasi cha faida havikukitaja, wala leseni ya halmashauri haikitaji.

Pato likishajulikana, litoshe kiasi gani? Watu wengi hutaja theluthi: kodi isizidi theluthi ya pato. Kipimo hiki kina historia ambayo ni vema ijulikane. Nchini Marekani, rekebisho la sheria la mwaka 1969 lililobeba jina la Seneta Edward Brooke wa Massachusetts liliweka mpaka kwamba mpangaji wa nyumba za umma asitozwe zaidi ya robo ya pato lake, na mwaka 1981 mpaka huo ukasogezwa hadi asilimia 30. Ulikuwa mpaka wa kumhifadhi maskini. Leo wenye nyumba binafsi wa huko hudai mwombaji awe na pato la mara tatu ya kodi, hesabu iliyo jirani kabisa na ile, lakini kazi yake imepinduka: ya kwanza ilimzuia mpangishaji asitoze kupita kiasi, ya pili humzuia maskini asiingie. Anayeichukua kanuni kutoka kwa wenzetu na aichukue pamoja na nia yake ya asili.

Tena theluthi haina uzito mmoja kwa watu wote. Mwenye shilingi 450,000 akilipa 150,000 hubakiwa na laki tatu, na katika laki tatu hizo, kwa familia ya watu watano, mna chakula, nauli, umeme, maji, na dawa. Mwenye 2,400,000 akilipa 800,000 hubakiwa na milioni moja na laki sita. Wote wawili wamelipa theluthi. Wa kwanza mtoto mmoja akiugua atachelewesha kodi, wa pili hatachelewesha. Kwa hiyo nashauri lihesabiwe baki. Kaa na mwombaji, mwandike pamoja kinachoingia na kinachotoka, ada za shule na fedha anayomtumia mama yake kijijini zikiwemo, kisha mtazame kama kinachosalia kinaifikia kodi na kuizidi kidogo. Mara nyingi mwombaji mwenyewe, akiiona hesabu ile imeandikwa, husema chumba hiki sikiwezi, akaomba kile cha uani.

Na pale kodi inapokuwa imeuacha mbali uwezo wa watu wote wa mtaa, uchunguzi wa mtu mmoja mmoja haufai kitu. Mwaka 1928 huko Ng'ambo ya Unguja wapangaji wa viwanja waligoma kulipa kodi ya ardhi baada ya wenye ardhi kuipandisha. Waliogoma hawakuwa wadanganyifu. Mwenye nyumba anayewakataa waombaji kumi mfululizo kwa upungufu wa pato na aitazame tena kodi yake.

Limebaki jambo la sitara. Pato la mtu ni faragha yake, na anayekufunulia amekupa amana. Tanzania imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili zashika msingi kwamba taarifa ya mtu ikusanywe kwa kusudi lililo wazi na isiwekwe kupita haja. Hata kama sheria hizo zisingekuwapo, adabu ingetosha. Karatasi ya mshahara haipigwi picha ikarushwa katika kundi la madalali la WhatsApp. Namba ya siri ya simu haiulizwi kwa sababu yoyote. Mwombaji aifungue taarifa yake mwenyewe, muisome pamoja, airudishe simu mfukoni. Nakala za aliyekataliwa arudishiwe au zichanwe mbele yake, na aambiwe sababu kwa maneno ya kiungwana.

Maswali yawe yale yale kwa kila mwombaji. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona mara nyingi mwanamke asiye na mume, mwenye duka lake na daftari lake, akiulizwa ni nani atakayemlipia, ilhali kijana wa kiume asiye na kazi ya kueleweka akipokewa kwa maamkizi. Kabila, dini, na ujane wa mtu havilipi kodi wala havizuii kulipwa. Anayetaka mdhamini na amtake kwa wote ambao baki lao ni jembamba, wanaume kwa wanawake, na pato la mdhamini nalo lihakikiwe kwa njia zile zile, kwa kuwa mdhamini asiye na kitu ni shahidi wa harusi tu.

Ukiisha kuyafanya haya, utakuwa na jambo ambalo fungu la miezi kumi na miwili haliwezi kukupa: utajua riziki ya mpangaji wako yatoka wapi, huja siku gani, na hudhoofika mwezi gani. Na ukilijua hilo, haja ya kumdai kodi ya mwaka mbele, akaikope kwa riba au akauze kiwanja cha baba yake, imekwisha. Nawasihi basi wenye nyumba wa Dar es Salaam na wa miji yote yenye desturi hii: mliohakikisha pato la mpangaji pokeeni kodi kwa mwendo wa pato lile, kwa mwezi au kwa miezi mitatu, na mvuvi wa dagaa apewe tarehe iliyo baada ya giza, mtu wa hoteli aruhusiwe kutanguliza ya masika katika neema ya Agosti, mwenye mshahara alipe siku tatu baada ya mshahara kuingia, na kila mlilokubaliana liandikwe katika mkataba, nakala mbili, moja ibaki kwa mpangaji.